Springi Ikaze, Wewe Ufunge: Mazungumzo na Wanafunzi wa Ufundi Magari kuhusu Mkanda wa Taimingi

Mkuu wa chuo, walimu wa karakana, wazazi mliopata nafasi ya kufika, shikamooni. Vijana wa mwaka wa pili, hamjambo.

Ratiba yenu inasema leo ni "kufunga na kukaza mkanda wa taimingi". Kwa wazazi: ni mkanda wa meno unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua valvu, ili zizunguke kwa kupatana. Kwenye kufunga sitakaa sana. Alama za kupanga mmezichora darasani mpaka mnaziota usiku, na fundi akikosea alama injini yenyewe humwambia siku hiyo hiyo: inatetemeka, inakohoa, au haiwaki kabisa. Nitakaa kwenye kukaza, maana ukikosea hapo injini inawaka vizuri tu, mteja analipa, anaondoka anafurahi, halafu baada ya miezi michache anarudi akiwa amevutwa na kamba.

Mmeshaona gereji zetu zinavyofanya. Fundi mmoja anaubana mkanda kwa vidole viwili, anasema bado. Mwenzake anabana pale pale, anasema umezidi. Wa tatu, ambaye ana jina kubwa kuliko wote, anaugusa kidogo na kusema funga twende. Wote watatu wana uzoefu, siwadharau. Lakini hakuna aliyeleta rula. Nimekuja kuwaambia jambo moja tu: mkazo wa mkanda huu hautoki kwenye mkono wa fundi. Mtengenezaji ameshaupanga, ameuweka ndani ya springi, na kazi yako ni kuiachia springi nafasi ifanye kazi yake, kisha ufunge, kisha upime.

Mnajua krenki inazunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo puli ya kam, yaani ya kamshafti, ina meno mara mbili ya puli ya krenki. Mkanda wa feni ukiteleza kidogo alteneta inapunguza chaji na maisha yanaendelea. Huu hauna ruhusa ya kuteleza hata jino moja. Fanya hesabu. Chukua puli ya kam yenye meno 40. Nyuzi 360 gawanya kwa 40, jino moja ni nyuzi 9 za kamshafti. Upande wa krenki hizo ni nyuzi 18. Mkiwa mnaseti cheche kwa distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, mnasogeza nyuzi mbili au tatu na gari linabadilika sauti. Sasa hapa valvu zote zimehama kwa nyuzi 18, na kama distributa inaendeshwa na kam, cheche nayo imehama pamoja nazo.

Kwa taarifa yenu, mkanda wenye meno haukuanzia kwenye gari. Ulitengenezwa Marekani miaka ya 1940 na kampuni ya L. H. Gilmer, kwa ajili ya cherehani, ili sindano na bobini visipishane. Wajerumani wa Glas, kiwanda kidogo pale Dingolfing, ndio waliouingiza kwenye injini ya gari linalouzwa kwa watu wote, Glas 1004, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Glas ikanunuliwa na BMW. Basi tuendelee.

Mfano wangu wa leo ni 5A-FE, injini ya Corolla 110, kwa sababu tatu: mnayo hapo nje, magari yake bado yamejaa mitaani, na mpangilio wake hauna mambo mengi. Mkanda unapita sehemu tatu tu: puli ya krenki chini, puli ya kam juu, na ile tunayoiita beringi ya taimingi, ambayo ni laini na inagusa mgongo wa mkanda ili kuukaza. Wota pampu haimo, inaendeshwa na mkanda wa nje. Kamshafti ya pili nayo haimo, inavutwa na mwenzake kwa gia ndani ya hedi, kichwa cha injini. Ukiielewa hii, nyingine zote ni nyongeza.

Simama mbele ya puli, itazame injini usoni. Krenki inazunguka kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo upande wako wa kulia mkanda unavutwa kushuka, na upande huo unakaza wenyewe, kwa sababu kule juu kamshafti inapambana na springi za valvu na haitaki kwenda. Upande wa kushoto mkanda unapanda hauna anayeuvuta. Ulegevu wote, kama upo, unakusanyika kushoto. Ndiyo maana beringi ya taimingi ipo kushoto. Kaeni na picha hiyo kichwani, maana karibu kila makosa ya kukaza ninayoyajua yanatokana na fundi kusahau ulegevu uko upande gani.

Mathalani, umepanga alama, umevalisha mkanda, ukaona krenki imepita alama kidogo. Unafanya nini? Wengi wanairudisha nyuma. Ukiirudisha hata kidogo, ulegevu unahama kwenda kulia. Upande wa kushoto sasa umekaza kwa uongo, springi ya beringi inakuta hapana nafasi ya kusukuma, inatulia. Ukifunga bolti wakati huo, umeufungia ulegevu ndani ya injini. Gari likiwashwa, krenki inavuta kulia, ulegevu unarudi kushoto, na beringi haiwezi tena kuufuata kwa sababu umeshaifunga. Ukipitiliza alama, usirudi. Endelea mbele mizunguko miwili mpaka uifikie tena.

Utaratibu wa 5A-FE wenyewe ni mfupi. Beringi unailegeza bolti, unaisukuma kushoto mpaka mwisho wake, unaibana kidogo ikae huko. Unavalisha mkanda ukihakikisha upande wa kulia hauna ulegevu. Halafu unalegeza bolti ya beringi na kutoa mkono. Nasema tena, kutoa mkono. Springi itaisukuma yenyewe. Unazungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa spana, polepole, kufuata mshale wa saa, kutoka pistoni namba moja ikiwa juu mpaka iwe juu tena. Unatazama alama zote. Zikiwa sawa, unafunga bolti ya beringi kwa nyutonimita 37. Plagi ziwe zimetolewa kabla hujaanza kuzungusha, ili mgandamizo usikurushe mkono na kukupitisha alama.

Kwa nini mizunguko miwili? Kwa sababu miwili ya krenki ndiyo mmoja wa kamshafti, na kamshafti haizunguki kwa utulivu. Pembe yake, ile sehemu iliyochomoza, ikiwa inafungua valvu, inaukataa mkanda. Ikishapita kilele, springi ya valvu inaisukuma kwa mbele, na kwa muda mfupi kam inataka kuukimbia mkanda. Kwa hiyo ukikaza bila kuzungusha, unakaza kwa hali ya pahali pamoja tu. Mizunguko miwili inaukalisha mkanda kwenye meno yote na kuipa beringi nafasi ya kupita katika hali zote hizo. Kuna injini ambazo hata pa kusimama pamepangwa. Kwenye 5S-FE, injini yao nyingine, Toyota hawataki miwili kamili kabla ya kufunga. Wanataka mzunguko mmoja na sehemu saba za nane, alama ya puli isimame nyuzi 45 kabla ya pistoni namba moja kufika juu, ndipo bolti ya beringi ikazwe kwa nyutonimita 42. Fundi asiyejua sababu ataona huo ni usumbufu wa Wajapani. Wewe sasa unajua kwamba wamemchagulia pale ambapo kamshafti haidanganyi.

Narudi kwenye hiyo nyutonimita 37. Najua mtaniuliza torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mtaitoa wapi, maana hata hapa chuoni mnagombania moja. Nunueni mizani ya ndoano, ile ya springi wanayopimia samaki sokoni. Chukua spana ambayo kutoka katikati ya bolti mpaka unaposhika ni sentimita 25. Ining'inize mizani hapo, uivute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 15. Hiyo ni nyutonimita 37, pungufu kidogo isiyo na maana. Haichukui nafasi ya torki renchi nzuri, lakini inaushinda mkono wa fundi aliyekunywa chai na yule ambaye hajanywa.

Mizani hiyo hiyo ndiyo itakayopima mkanda. Kipimo cha injini hizi za familia ya A ni milimita 5 hadi 6 kwa nguvu ya kilo 2. Maana yake, ukiusukuma mkanda katikati ya upande wa kulia, kati ya puli ya kam na ya krenki, kwa nguvu ya kilo 2, usogee kiasi hicho. Usiutie mkanda ndoano, utaukwaruza. Zungusha utepe wa kitambaa kizito, ndoano ishike kitambaa. Mwenzako asome rula. Ikisoma milimita 9, legeza bolti ya beringi, zungusha tena mizunguko yako miwili, funga, pima. Ikisoma tena 9, usichukue bisibisi! Springi imechoka au si ya injini hiyo. Badilisha springi.

Hilo la bisibisi nalisema kwa sauti kwa sababu ndilo ugonjwa mkubwa kuliko wote. Fundi anaona springi imesukuma, lakini moyo wake haujaridhika, anachomeka bisibisi kubwa kati ya beringi na bloku, anakandamiza, anafunga huku amekandamiza. Niliwahi kuletewa Corolla 110 ambayo ilikuwa inalia mluzi tangu ilipofungwa mkanda kwenye gereji nyingine. Asubuhi mluzi mdogo, ikipata moto unakuwa mkubwa, na unapanda pamoja na mwendo wa injini. Mwenyewe alikuwa ameambiwa ni mkanda mpya, utazoea. Kufungua kava, mkanda kweli mpya, maandishi yake yanasomeka. Lakini ule mkato kati ya jino na jino kitambaa chake kimeanza kulika, na beringi ukiizungusha kwa kidole inakwaruza. Mkanda uliozidi kukazwa hula sehemu hiyo, kati ya meno. Uliolegea unaharibika kwa namna nyingine: meno yanapasuka kwenye shina na kung'oka, kwa sababu hayakai vizuri ndani ya puli. Mkiutoa mkanda wa zamani msiutupe kabla ya kuusoma. Unaeleza fundi aliyepita alifanya nini.

Mbona mluzi ulikuwa unakua injini ikipata moto? Hedi ya injini hii ni aluminiamu na bloku ni chuma. Vyote vinatanuka kwa joto, aluminiamu zaidi. Mkanda una nyuzi za kioo ndani yake, nazo hazirefuki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo injini ikipata moto, puli ya kam inasogea mbali na ya krenki, na mkanda unazidi kukaza, kama ngoma iliyowambwa ikaoteshwa moto. Vipimo vyote nilivyotaja ni vya injini baridi. Ukikaza mkanda kwenye injini iliyotoka barabarani, ukapata milimita 6 zako nzuri, kesho asubuhi ikiwa baridi umelegea. Mteja akisema ana haraka, mwambie aende akale.

Wapo watakaowafundisha kipimo cha robo: shika upande mrefu wa mkanda kwa kidole na gumba, usokote, ukifika nyuzi 90 umetosha. Kipimo hicho kilitumika sana kwenye magari ya zamani ya Ulaya. Mimi nakitumia kugundua mkanda uliolegea ovyo, basi. Upande mrefu wa injini moja si sawa na wa nyingine, na kidole chako si sawa na cha mwenzako. Kwanza nyuzi za kioo hazipendi kusokotwa wala kukunjwa. Nimeona duka linaning'iniza mikanda imekunjwa na kufungwa mpira kama mafungu ya mchicha, sikununua.

Sasa nyongeza nilizowaahidi. Kwenye injini ambazo tenshena yake, yaani kikaza mkanda, ni ya mafuta, kama Subaru za EJ20 zilizojaa mjini na Land Cruiser ya V8 ya 2UZ-FE, hukazi chochote kwa mkono. Tenshena inabaki hai muda wote, inafuata mkanda injini ikipata moto na ikipoa. Kazi yako ni kuirudisha ndani na kuichomeka pini. Unaiweka kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, unaikandamiza taratibu. Subaru wanasema itumie dakika tatu au zaidi, na wengi wenu mtaimaliza kwa sekunde kumi, muue sili yake ya ndani hapo hapo. Tundu zikilingana, chomeka pini, funga, panga mkanda, hakiki alama, ndipo uchomoe pini. Tenshena ambayo ukiisukuma kwa mkono fimbo yake inazama kirahisi, au imelowa mafuta kwa nje, usiirudishe kwenye gari. Volkswagen na ndugu zake wana beringi yenye mshale na mkato wa alama: unaizungusha mpaka mshale ulingane, unafunga. Huko hata mizani huihitaji, unahitaji macho na ule ufunguo wa pini mbili.

Kuhusu dizeli nasema kwa ukali kidogo. 5A-FE, 4A-FE na 7A-FE zina huruma. Mkanda ukikatika, gari linazima, unalivuta, unafunga mwingine, unaondoka. Valvu hazigusi pistoni. Huruma hiyo imewaharibu mafundi wengi, wanadhani ni tabia ya kila injini. Dizeli za 2L, 3L na 5L, zile za Hiace na Hilux, hazina nafasi hiyo. Mgandamizo wa dizeli unataka pistoni ipande mpaka karibu kabisa na hedi. Mkanda ukiruka au ukikatika, valvu zinapigwa, na hapo unazungumza habari ya kufungua hedi. Hizo nazo zina beringi na springi kama tulivyosema, na mlolongo ni ule ule wa kuiachia springi. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, huwaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita tu. Haiuoni mkanda. Gari la mtumba likija taa imezimwa, hujui kama aliyezima alibadilisha mkanda au aliuza gari.

Hapo pana msaada mmoja ambao wengi wanaubandua na kuutupa. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda mara nyingi hubandika stika kwenye kava au ndani ya boneti, ina tarehe na kilomita. Mwaka wakati mwingine umeandikwa kwa kalenda yao. Ukikuta H20 au 20 tu mahali pa mwaka, usidhani ni 2020. Ni mwaka wa 20 wa Heisei. Jumlisha 1988, unapata 2008. Enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, unajumlisha 2018. Linganisha na kilomita zilizo kwenye saa leo. Kama stika inasema kilomita 98,000 na saa inasoma 74,000, umejifunza jambo ambalo muuzaji hakukusudia ulijue.

Limebaki suala la fedha, na sitalikwepa kwa sababu ndilo mtakalokutana nalo Jumatatu ya kwanza kazini. Mteja atakuja na mkanda mkononi, kaununua mwenyewe, atasema weka huu tu. Beringi je? Bado nzima. Springi? Ya nini. Sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja? Futa. Mweleze kwa hesabu yake, si kwa hesabu yako. Kazi ya kufungua kava, puli na maunti inayoshikilia injini ni ile ile iwe anabadilisha kimoja au vinne. Mkanda mpya kwenye beringi iliyokwisha utadumu kadiri beringi itakavyodumu. Mafuta yanayotoka kwenye sili yanaulainisha mpira, na mpira uliolainika hauna mkazo wa kupima. Na kwenye injini ambazo mkanda huu ndio unaozungusha wota pampu, kama 3S-FE, pampu ikikwama inaondoka na meno ya mkanda. Akikataa, andika kwenye risiti kwamba amekataa, asaini. Wengi wakiona kalamu wanabadilisha mawazo. Mkanda aliouleta ulinganishe na wa zamani kabla hujaufunga: hesabu meno yote, pima upana, tazama umbo la jino, maana meno ya duara na meno ya pembe hayakai kwenye puli moja. Boksi zuri halina meno.

Wale wanaosema mkanda umepitwa na wakati, wana sehemu ya ukweli. Vitz, IST, Probox na Corolla zilizofuata 110 zina cheni, na ndogo nyingi za petroli zinazoingia sasa ni cheni. Lakini Hiace za injini ya dizeli ya 1KD bado ni mkanda, Prado za injini hiyo bado ni mkanda, Subaru za EJ zitakuwa mikononi mwenu miaka mingi, na 5L nadhani zitatuzika sisi sote.

Injini ya 5A-FE iko mezani kule karakana, mwalimu wenu ameifungua kava na tapeti kava, plagi zimetolewa, na haijawashwa tangu jana. Springi moja kati ya mbili nilizoziweka pale imechoka, sitasema ni ipi. Nahitaji watatu wa kuanza: mmoja azungushe krenki, mmoja avute mizani, mmoja asome rula kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Dada uliyekaa pale mbele, wewe shika rula.